Kichwa Kinachofuta Hutangulia

Katika mji ule, sauti huisha kabla ya mtu. Kwa nini, hakuna anayejua, na mimi si mtu wa kukaa kitako nikiuliza kwa nini wakati nguo zimelowekwa. Mtu huamka asubuhi, humwita mwanawe, na jina hutoka limekatika. Baada ya muda hutoka silabi moja. Kisha siku moja hufungua mdomo na kinachotoka ni pumzi ya kupoza chai. Mwili hubaki. Hula, hufua, hupanga foleni, ila sauti imekwenda. Na sheria ya mji, ambayo haina mwandishi wala mlango wa kuipigia hodi, inasema hivi: ambaye sauti yake haikuhifadhiwa hakuwepo. Si kwamba amekufa. Hakuwepo. Watu watamwagia maji machafu miguuni bila kuomba radhi, na mtoto wake wa kumzaa atamuuliza kwa adabu kama amepotea njia.

Kila nyumba ina kaseti moja. Mpya hazitengenezwi tena. Wapo wanaosema kiwanda kilihama, wapo wanaosema hakikuwahi kuwepo, kwa kuwa hakuna aliyeurekodi mlio wake. Upande wa kwanza ni wa wanawake na wa pili ni wa wanaume. Upande wa wanaume katika nyumba yetu yupo babu, anakohoa. Anakohoa tangu mkanda unapoanza mpaka unapokwisha, katikati anauliza kama wameshaanza kumrekodi, kisha anaendelea kukohoa. Hafutwi. Upande wa wanawake hufutwa kila mama anapochukua nafasi ya mama yake. Kwa hiyo tuna babu mmoja wa milele na wanawake wa kupokezana. Niliwahi kuuliza sababu. Nikaambiwa ndivyo kaseti zilivyo.

Aliyekuwapo upande wetu ni mama yangu, Semeni. Mkanda wake ulijulikana mtaa mzima kama mkanda wa kilio. Sauti ilikuwa imezama, kama ya mtu aliyefungiwa nyuma ya godoro. Maneno hayakushikika. Ulichosikia ni kupanda na kushuka, pumzi kukatika, pumzi kurudi, kwikwi, kimya, kwikwi tena. Tulipofiwa tuliupiga. Majirani nao walikuja kuuazima, maana mjini hapakuwa na mwanamke aliyelia vizuri kama Semeni. Mgeni aliyekuja msibani na macho makavu, akiusikia tu, alianza kutafuta pembe ya kanga. Mimi sikulia. Nina stashahada ya uhazili. Nimekaa vikao vingi nikisikiliza watu wanasema mengi na kuandika machache, na nilijua kupima maneno ya mtu. Nilijiambia: mwanamke huyu alipewa nafasi ya mwisho ya kusema, akaitumia kulia. Ikifika zamu yangu nitasema jambo moja, nitalisema vizuri, nishuke.

Jambo lenyewe lilikuwa fupi. Nilitaka kumwambia binti yangu Sikuzani kwamba siku zote nilizomgombeza, nilikuwa nimefurahi kumwona.

Zamu ikafika nikiwa jikoni. Nilimwita, jina likatoka kipande. Sikuzani ana ulimi wangu. Alisimama mlangoni na taulo kichwani akasema, "Umeanza kuishiwa, mama. Vaa viatu twende."

"Nina maharage jikoni."

"Maharage hayana sauti, yatasubiri."

Nyumba ya kurekodia ina ukumbi mrefu ambao hurefuka kadiri unavyoutembea. Kuna benchi pembeni. Nilipokaa, nilikuta mahali pangu pana joto, na nikajua bila kuambiwa kwamba aliyeinuka hapo ni mimi, siku nilipomleta mama. Nilijiona naishia upande wa pili wa ukumbi, msichana mwenye mkoba wa mama yake mkononi, amekunja uso, ana haraka. Nilitaka kumwita nimwambie asiwe na haraka. Sikumwita. Sauti niliyobaki nayo ilikuwa ya kuhesabia. Sasa najiuliza ni nani kati yetu alikuwa anasubiri, na kama yule msichana alikunja uso kwa sababu mimi nilikuwa nimekaa pale nikimtazama hivyo.

Mrekodi aliitwa Bi Havijawa, mwanamke mpana, miwani yake inaning'inia kwa kamba ya kiatu. Sikuzani alimwamkia. Yeye aliitikia huku akinitazama koo.

"Nani anaishiwa?"

"Mimi."

"Naam, nasikia. Wewe ni wa kupaza sauti. Wa kupaza huisha haraka."

"Akiomba chumvi mezani," Sikuzani akasema, "jirani analeta."

"Analeta kwa sababu nimemlea vizuri yule jirani," nikasema, na nusu ya maneno ikaanguka njiani.

Deki, yaani mashine ya kurekodia, ilikuwa kubwa, ya zamani, uso wake wa chuma, na mishale miwili ya kupimia sauti imelala nyuma ya kioo chenye rangi ya chai ya rangi. Bi Havijawa alichovya pamba kwenye spiriti akasugua ndani, akanionyesha. Pamba ilikuwa ya kahawia.

"Hawa ni watu," alisema. "Kila mkanda unaopita huacha unga wake kidogo. Usiposugua, sauti mpya inapita juu ya vumbi la wenzake, inatoka imefifia." Kisha akachukua kifaa kama pasi ndogo isiyo na moto, cha kuondoa sumaku, akakipitisha taratibu mbele ya vichwa vya deki. Alipomaliza akakipitisha mbele ya kipaji cha uso wake mwenyewe.

"Na hiyo ya nini?" nikauliza.

"Nikimkumbuka mteja aliyetangulia, atavuma chini ya sauti yako. Kila mmoja namsahau akishatoka. Hata nyinyi. Msinisalimie sokoni, nitawaona washamba."

Akanionyesha vichwa, ambavyo mafundi huviita hedi. Vilikuwa vitatu, vimepangwa mstari ambao mkanda huupita. Cha kwanza hufuta. Cha pili huandika. Cha tatu husoma kilichoandikwa, papo hapo, ili mtu asijidanganye kwamba amesikika.

"Kwa nini kinachofuta kitangulie?"

"Ulitaka kifuate?"

Lakini swali halikuondoka, na mpaka leo halijaondoka. Baina ya kichwa cha kwanza na cha pili pana nafasi ndogo, upana wa ukucha. Mkanda ukifika hapo, aliyekuwapo ameshaondoka na anayekuja hajafika. Hapana mama wala binti. Pana unga tu uliopangwa tayari kumtii yeyote. Nafikiri sisi wanawake wa nyumba yetu tumeishi hapo. Mji mzima husikia vichwa viwili vya mwisho, huvisifu kwa usafi wa sauti, na hakuna anayeuliza ule ukucha wa kimya ulikuwa wa nani. Tena ni lazima uwe kimya kabisa. Kichwa kinachofuta kikifanya kazi nusunusu, aliyepita ataendelea kunong'ona chini yako. Rekodi nzuri huanza kwa kufuta vizuri. Hili nililielewa haraka, kwa kuwa ni kazi ya mikono. Nilichochelewa kuelewa ni kwamba nilikuwa nimelisifu.

Desturi ni kumuaga anayefutwa. Bi Havijawa aliweka kaseti yetu, akabonyeza. Semeni akaanza kulia nyuma ya godoro lake. Sikuzani aliinamisha kichwa kama msibani. Bi Havijawa alisikiliza kidogo, akakunja uso, akavaa miwani.

"Huyu amepinda."

"Amepinda nini?"

"Deki iliyomrekodi, hedi yake iliinama. Haikukaa mraba na mkanda. Deki zenu za nyumbani zimenyooka, ndiyo maana hamumsikii. Aliyenaswa kwa upogo husikika kwa upogo uleule." Akachukua bisibisi ndogo, akaiingiza kwenye tundu lililo pembeni ya vichwa, akazungusha skrubu kushoto kwa vidole viwili, kama mtu anayepima chumvi.

Godoro likaondoka. Kwanza zikarudi sauti kali, zile za s na za f, ambazo ndizo huzama kabla ya nyingine. Kisha pumzi. Kisha meno. Mama yangu alikuwa na meno. Alikuwa amekaa nasi chumbani.

Alikuwa anacheka.

"...amevaa viatu vya baba yake," Semeni alikuwa anasema, "amepanga masufuria yangu yote uani, anayahutubia. Anayaambia yapange foleni, sufuria kubwa analiita 'wewe mnene, rudi nyuma.' Nikamgombeza. Nikamwambia rudisha vyombo, huna adabu. Nikaenda nyuma ya choo nikacheka mpaka nikakaa chini. Ningecheka mbele yake angeniona mtu wa kuchezewa. Sasa ni mtu mzima, amenileta hapa amenuna, na kila nikimtazama alivyonuna naona yale masufuria..." Akashindwa kuendelea. Kwikwi, kimya, kwikwi. Palepale ambapo wanawake wa mtaa huanza kujipigapiga mapaja.

Bi Havijawa alivua miwani akaifuta kwa gauni, mabega yakimtikisika. Sikuzani alikuwa ameganda, anatazama spika kana kwamba bibi yake angetoka humo. Kila mtu hutazama spika.

"Watu wameililia sauti hii," nikasema.

"Na wamelia vizuri," Bi Havijawa akajibu.

Mkanda ulipofika mwisho, Sikuzani aligeuka. "Usimfute."

"Nisipomfuta sitakuwepo."

"Mimi nitakukumbuka."

"Kila mtu husema hivyo. Yule mwanamke wa nyumba ya kona, mwanawe alisema hivyo. Juzi alimpa mama yake sadaka."

"Tumfute babu. Anakohoa tu yule."

Bi Havijawa aliitoa kaseti, akatuonyesha ukingo wake wa juu. Upande wa wanaume palikuwa na tundu mahali palipotakiwa kuwa na kidude cha plastiki. "Kidude hiki kikivunjwa, deki haikubali kurekodi juu yake. Wanaume wa mji huu huvunja chao wakishamaliza kusema. Cha wanawake huachwa."

"Tundu linazibika," Sikuzani akasema. "Karatasi ya gundi tu."

"Linazibika. Yupo aliyeziba. Akarekodiwa vizuri, sauti safi. Ila kila akipigwa anasikika anakohoa."

"Basi tuvunje na cha kwetu, bibi abaki."

"Mkivunja, wewe utarekodiwa wapi siku yako ikifika?"

Nilimwona Sikuzani anahesabu vizazi kichwani, bibi, mama, yeye, mwingine ambaye hajazaliwa, wote wamesimama uani wamepangwa foleni, na nani anaambiwa arudi nyuma. Mimi nilishafanya hesabu yangu. Sikuifanya kwa upendo. Wengine wataandika kwamba mama hufanya kila kitu kwa upendo. Labda mama zao. Niliogopa. Niliogopa binti yangu aniulize kwa adabu kama nimepotea njia. Adabu kutoka kwa Sikuzani, hilo nisingelistahimili.

"Anza," nikamwambia Bi Havijawa.

Sikuzani alitoka nje. Nilimsikia akikaa kwenye lile benchi.

"Sema kitu nipime," Bi Havijawa akaniambia. Nikasema. Mishale yote miwili iliruka ikagonga ukingo mwekundu.

"Polepole, mama Sikuzani. Unaongea kama anayefukuza kuku."

"Sijui kuongea vingine."

"Jifunze sasa. Ukipita hapo pekundu, mkanda unakushindwa, sauti inachanika. Ukiwa chini mno, ule mvumo wa mkanda, shhh ile, unakufunika. Mtu hukaa katikati."

Nikajaribu tena. Pekundu. Nikajaribu tena. Chini mno, mshale haukuamka. Nilikuwa mtu mzima, nimelea, nimezika, nimeendesha ofisi ya watu wasiojua kutega saa, na sikujua sauti yangu ya katikati iko wapi. Nilimwona kila mtu niliyewahi kusema naye akiwa na mshale kifuani, mshale umegonga ukingo, na mimi naendelea kusema nikidhani hajasikia. Walisikia. Kilichowafikia ndicho kilichochanika.

Bi Havijawa alisogeza kipaza sauti mpaka karibu kunigusa mdomo, akaniambia nizungumze kana kwamba mtoto amelala mapajani. Huku akisema anageuza kinobu, kitufe cha kuzungusha. "Huu ni mlio ambao huwezi kuusikia," alisema. "Unachanganywa na sauti yako kabla haijagusa mkanda. Bila huo, sauti inakwaruza hata ukiwa na hedi ya dhahabu. Ukizidi, unakufubaza. Kila mkanda na kiasi chake."

Nilimwelewa. Chumvi kwenye maharage huioni, ikikosekana unaiona. Na nilijua nyumbani kwetu haukuwa mlio uliokosekana. Mama alikuwa nao nyuma ya choo. Mimi nilikuwa nao. Tuliutunza mbali na sauti, kila mmoja mahali pake pa kujificha, na tukashangaa kwa nini tunakwaruza.

Sikuzani alirudi. Alisimama nyuma yangu, nikausikia mkono wake kwenye mgongo wa kiti. Bi Havijawa alinivisha hedifoni, akairudisha kaseti dekini, mkanda ukiwa mwanzo, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Gurudumu zito lililo tumboni mwa deki lilianza kuzunguka bila kuyumba. Mwendo ule ndio wakati. Ukiyumba, mtu husikika mlevi. Haukuyumba. Mkanda ukapita kichwa cha kwanza, na masufuria ya mama yangu yakaanza kuondoka, moja moja, kwa utaratibu.

Desturi inataka uanze kwa kujitaja, kisha uwataje waliokutangulia na nyumba unayotoka. Nikajitaja. Nikamtaja Semeni huku ninamfuta. Sauti yangu ilirudi masikioni imechelewa kidogo, kutoka kichwa cha tatu, na aliyekuwa akisema hakuwa mimi. Mimi nilikuwa nimeshalipita lile neno. Aliyekuwa akisema alikuwa bado analo, analisema vizuri, kwa sauti ya katikati, na meno yake yote. Nilimwonea wivu. Nilitaka kumuuliza: wewe uliyehifadhiwa, je, ulikuwepo? Na wewe unayeuliza, umebaki wapi? Mshale ulipanda na kushuka bila kugusa pekundu. Sijawahi kusikika safi vile. Nikafika mwisho wa majina. Lililobaki ni lile jambo langu moja. Nikavuta pumzi.

Ndipo nikaiona bisibisi.

Ilikuwa bado imesimama kwenye tundu lake, pale Bi Havijawa alipoiacha alipozidiwa na kicheko. Hedi ya kuandika na ya kusoma zimekaa nyumba moja na huinama pamoja, kwa hiyo kwenye deki hii nilisikika safi. Kwingine kote, kwenye kila deki ya mji iliyonyooka, ningekuwa nyuma ya godoro. Nilikuwa narekodiwa kwa upogo wa mama yangu.

Nikanyoosha kidole. Bi Havijawa aliangalia, akaweka mkono mdomoni.

"Sikuirudisha," alisema kwa kunong'ona.

Nilizungusha kidole hewani: turudi mwanzo?

Akatikisa kichwa. "Sauti imebaki ya kujaza kijiko. Ukirudi utaishia kwenye majina." Na mkono wake, bila yeye kuuamuru, ulikuwa umeshaanza kutafuta kile kifaa chake cha kusahaulia.

Mkanda uliendelea kupita. Kila nilivyofikiri, kichwa cha kwanza kilikuwa kinakula. Nilikuwa na kijiko kimoja na mahali pawili pa kukimimina. Ningeweza kusema lile jambo langu, na lingekuwa pale, kamili, na mtaa mzima ungeliazima misibani kulilia. Sikuzani angenipiga peke yake, angenisikia nikinung'unika, na angejisemea alichojisemea mama yake: alipewa nafasi ya mwisho, akaitumia kugombeza. Au ningeweza kutolisema.

Najuta mpaka leo, na sijui najutia lipi. Mwanamke mwingine angepata njia ya kuyasema yote mawili kwa pumzi ile moja. Mimi nimefundishwa kuchagua lililo muhimu na kulisema kwa ufupi.

"Sikuzani," nikasema. Mshale haukugusa pekundu. "Njoo huku mbele. Usitazame spika. Tazama kidole changu."

Akaja, akapiga magoti.

"Umeiona skrubu hii? Nyumbani ukinipiga utasikia mtu analia. Silii. Chukua bisibisi ndogo, ile ya droo ya juu. Zungusha kushoto. Kidogo. Kidogo tu, usilazimishe, utaivunja, wewe una mkono mzito." Neno la mwisho lilitoka nusu. Nikasubiri, nikakusanya kilichobaki. "Ukisikia meno yangu, acha hapo."

"Na ulichotaka kuniambia?" Sikuzani aliuliza, macho yake bado yako kwenye kidole changu.

Nilifungua mdomo, ikatoka pumzi tu; mishale ikabaki imelala. Mkanda uliendelea kuzunguka, safi kabisa, umesharekodi swali lake.